Kiti cha Nyuma

Dukani, tarehe 3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko chini ya hoteli, kwenye joto la pasi zako. Natumaini u mzima na mgongo haujaanza tena. Mimi sijambo. Nakula, nalala kidogo, nafungua duka kila asubuhi. Watu bado wanaharibu zipu na mabegi bado yanachanika, kwa hiyo mikono ina kazi.

Utasema, si unipigie simu tu. Ukweli ni kwamba sauti yako na ya kaka yako ni moja. Uliposema "haloo" mara ya mwisho nilikaa sakafuni. Nivumilie basi, niandike. Karatasi haina sauti.

Jumamosi alikuja Mwenyekiti wa chama cha baiskeli. Unamkumbuka, yule fundi bomba mrefu aliyebeba jeneza upande wa kushoto, akawa anakunja magoti ili lisiende mshazari. Alikaa kwenye kiti cha wateja akizungusha kofia mikononi kama mtu aliyekuja kuposa. Nikamwambia, "Sema tu, shemeji, hapa si ugenini." Ndipo akasema. Wanataka kumfanyia kaka yako safari ya kumbukumbu, Jumapili ya kwanza ya Juni, na wanataka wapite njia yake ndefu ya msituni.

Hiyo njia wewe umeisikia tu. Unajua kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga malango ya maji, hivyo kila tuta alilijua. Kule ni tambarare kama meza. Msitu wa misonobari, mfereji, tuta la changarawe, msitu tena, mfereji tena. Hakuna kilima cha kukuambia uko wapi. Humo ndimo alimotafuta njia yake, kipande kwa kipande, Jumapili baada ya Jumapili, juu ya baiskeli yetu ya viti viwili, yeye mbele, mimi nyuma. Wanachama aliwapeleka njia fupi tu. Ile ndefu alisema haijaiva, kuna kipande cha katikati anataka kukiweka sawa kwanza. Hakuichora popote. Na simu yake unaijua, ilikuwa ya kupiga, kupokea na kutazama saa.

"Sasa aliyeipita yote," Mwenyekiti akasema, "ni wewe peke yako."

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa majivuno kabisa, wifi. Nikaahidi kuwaonyesha.

Halafu akaomba na baiskeli yenyewe. Si ya kuendesha. Wanataka kuitundika ukutani kwenye ukumbi wao, na jina lake chini. Nikamwambia nitafikiri. Iko hapa koridoni, nikipita na sufuria inanishika sketi kama mtoto. Unaonaje? Ni ya kaka yako, una neno.

Siku ya mazishi uliondoka jioni ileile, hata chai hukunywa. Sikulaumu. Nauliza tu kama u mzima.

Wako,
wifi wa zipu


Chumba cha pasi, tarehe 21 Machi

Wifi wa zipu,

Barua yako imefika na harufu ya gundi, nikajua ni yako kabla sijaipasua. Mimi ni mzima. Mgongo nao upo, tunaamkiana kila asubuhi. Wiki hii hoteli imejaa madaktari wa meno waliokuja mkutanoni, na kumbe madaktari wa meno wanamwaga kahawa kitandani kuliko wanamuziki. Tumepiga pasi mashuka mpaka yule mwenzangu mnene akasema akifa azikwe bila sanda, hataki tena kuona shuka.

Umenichekesha na Mwenyekiti wako na kofia yake. Hata mimi namkumbuka. Alikuwa analia na kutoa maelekezo kwa wakati mmoja.

Baiskeli wape. Chuma hakina kazi koridoni, na sketi zako zitaisha. Lakini usinisikilize mimi, mimi na baiskeli hatusemezani tangu utotoni. Kifundo changu cha mguu kikiona pedali kinavimba chenyewe. Kaka alinibembeleza miaka na miaka nije nikae hicho kiti cha nyuma, "walau mpaka lango la kwanza, dada, tunywe chai pale turudi." Kila mwaka nilikuwa na sababu mpya. Mara zamu, mara viatu. Mwaka jana nilimwambia sina suruali.

Habari ya jioni ile ya mazishi tuiache kwanza.

Wewe waonyeshe watu njia yao, urudi nyumbani ulale. Umekaa nyuma ya mtu yule tangu mko vijana, utashindwaje?

Nakukumbatia kwa mikono yenye moto,
wifi wa pasi


Dukani, tarehe 13 Aprili

Wifi yangu,

Hujambo? Madaktari wa meno wameondoka? Mimi sijambo ila nyama za kukalia zinauma, na sababu nakueleza sasa hivi.

Umeuliza nitashindwaje. Nimeshindwa hivi.

Niliazima baiskeli ya Mama Posta, yule anayepeleka barua mtaani kwetu. Naye ni mwanachama. Baiskeli yake ina matairi mapana yenye meno, inakanyaga changarawe kama haioni. Nikatoka asubuhi na maji na andazi. Mpaka lango la kwanza ni rahisi, kila mtu anapajua. Baada ya lango, tuta linagawanyika mara tatu.

Nikasimama. Matuta yote matatu yana changarawe ileile ya kijivu, misonobari ileile, na maji yaleyale yaliyotulia kama yamesahau yalikuwa yanaenda wapi. Nikafumba macho nikajiuliza, tukifika hapa, mbele pakoje? Wifi, nikaona shati. Lile la bluu lenye mshono begani, mshono nilioushona mwenyewe. Nikaona shingo yake, na jasho lile linaloanzia katikati ya mgongo na kutanuka taratibu mpaka tunaporudi mjini. Miaka yote ile, mbele yangu palikuwa na mgongo wa kaka yako. Njia sijawahi kuiona.

Nikajaribu tuta la katikati, likaniishia kwenye matete. Nikajaribu la kulia, nikafika kwenye uzio. Kulikuwa na mama mmoja amesimama ndani ya mfereji mpaka magotini, anatoa magugu kwa reki ndefu.

"Umepotea?" akaniuliza.

"Hapana. Natafuta njia ya mume wangu."

"Kapotea yeye?"

"Huyo hajapotea hata siku moja," nikamwambia. "Mimi ndiye."

Akacheka, akanielekeza nyumbani. Nilirudi nimeikokota baiskeli ya watu kama mbuzi.

Mwenyekiti nimemwambia. Amekuwa mwema, tena mwema mno. Akasema nisijali, watapita barabara ya lami, ni safari ya heshima tu, njia si hoja. Neno hilo limenikaa kooni. Kama njia si hoja, kaka yako alikuwa anafanya nini Jumapili zote hizo? Kila mtu atamkumbuka kwa namna yake, sawa. Lakini ile njia ndiyo kitu pekee alichokitengeneza ambacho si cha serikali wala cha mwajiri. Isipopitwa mwaka huu, matete yatafunga, na hakuna mwingine wa kuijua. Baiskeli nayo watakuja kuichukua mwisho wa mwezi.

Nakaa dukani nakumbuka vitu, lakini vyote ni vya pembeni. Ubao wa kupimia maji uliofutika namba. Misonobari miwili iliyoegemeana kama watu wanaosengenya. Mlio wa daraja la mbao. Na sauti yake. Tukiwa kimya kabisa, bila kugeuka, anauliza, "Upo?" Nami najibu, "Nipo." Siku za utani namwambia, "Nilishuka zamani, unavuta hewa." Kisha tunaendelea kimya. Nilidhani ndiyo namna yake ya kuniambia ananipenda, maana maneno mengine hakuwa nayo.

Niambie chochote unachokumbuka, wifi. Alipokuwa mdogo alitafutaje njia? Alikuwa anaangalia nini?

Wako,
wifi wa zipu


Dukani, tarehe 4 Mei

Wifi,

U mzima kweli? Barua yangu ya Aprili sijui kama imekufika. Mama Posta anaapa aliisukuma kwenye sanduku kwa mkono wake.

Walikuja kuchukua baiskeli. Nimewaambia ina pancha, warudi wiki nyingine. Mwenyekiti akasema baiskeli ya kutundikwa ukutani haihitaji upepo. Nikasema mimi sitoi kitu kibovu nyumbani kwangu, aibu itakuwa yangu. Akaishia kunywa maji, akaondoka.

Haina pancha.

Mimi


Chumba cha pasi, tarehe 10 Mei

Wifi yangu,

Nisamehe kwa ukimya. Ni mzima, siumwi. Barua yako ilifika zamani. Niliisoma mezani kwa pasi, nilipofika mahali pa "upo" nikaunguza foronya. Nimekatwa kwenye mshahara, lakini hilo si neno.

Hilo swali lilianzia kwangu.

Nilikuwa na miaka sita, kaka yangu kumi na mbili. Baba alitutuma kwa fundi viatu kuchukua viatu vyake vilivyotiwa soli. Kaka akanipakia kwenye keria, viatu nimevikumbatia. Wakati wa kurudi akawa ananisimulia hadithi, ya sungura fulani mwenye majivuno, alikuwa anaitunga palepale. Kwenye kona ya duka la mikate akakata kwa nguvu, na mimi nikateleza. Nilianguka mtaroni bila hata kupiga kelele, nadhani kwa mshangao. Kifundo kikapinda namna ile unayoijua. Nikamwona anaenda, anaendelea kuongea, mkono mmoja hewani anaonyesha masikio ya sungura.

Alifika mpaka mlangoni kwetu. Akasema, "Haya, shuka." Hakuna aliyeshuka. Ndipo akageuka.

Nakumbuka alivyorudi. Hakuja na baiskeli, aliitupa, alikuja mbio kwa miguu, na uso ambao sijauona tena kwake maisha yote. Mimi nilikuwa silii. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja cha baba kwenye mguu mzima. Akanibeba mgongoni. Tulipofika kwenye kona nyingine akasimama kabisa, akauliza, "Upo?" Nikamwambia, "Si umenibeba?" Akasema, "Jibu tu." Nikajibu.

Tangu siku hiyo, wifi, kabla ya kila kona. Sijawahi kumsikia akiuliza kwenye njia iliyonyooka. Hata tukienda sokoni kwa miguu, tukikaribia kukata kona anauliza, na tulikuwa watu wazima, watu wanatuangalia. Wewe ulidhani ni mapenzi. Usiache kudhani hivyo, yalikuwa mapenzi. Ila yalikuwa na mahali pake.

Na sasa nikuambie habari ya jioni ile. Gari lililombeba kaka lilikuwa mbele, sisi tulifuata. Likafika kwenye kona ya kuelekea makaburini. Mdomo wangu ukauliza wenyewe, polepole, "Upo?" Hakuna aliyejibu. Nisingeweza kukaa kwenye nyumba yenu nikanywa chai, wifi. Nilipanda basi la kwanza lililokuwa limewasha injini.

Hiyo ndiyo yote niliyo nayo. Sijui kama inakusaidia.

Wifi wa pasi


Dukani, tarehe 22 Mei

Wifi yangu, wifi yangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kwelikweli, siandiki kwa mazoea.

Barua yako nimeisoma nimesimama, mteja kanishikia begi lake wazi. Nilipofika kwenye kona ya duka la mikate nikakaa. Yule mteja akauliza kama nimepata msiba. Nikamwambia nilishaupata, hapa napata kingine.

Fikiria. Kama aliuliza kabla ya kona tu, basi kila nilipojibu "nipo" palikuwa na kona. Na kila nilipojibu, nilikuwa natazama kitu, maana mtu wa nyuma anatazama pembeni, hana kwingine. Sikuwa nimeisahau njia. Nilikuwa naitafuta mbele, na mimi mbele sijawahi kuwa nayo.

Jumapili nikamwomba Mama Posta akae kiti cha mbele cha baiskeli yetu, mimi nikapanda changu. Ungetuona. Yeye ni mzito, mimi mwepesi, tuliondoka tukiyumba kama kabati linalohamishwa.

"Niende wapi?" akauliza pale matuta yanapogawanyika.

"Usiniulize ya mbele. Nenda popote, nitakuambia kama ndipo."

"Nimepeleka barua zisizo na anwani," akasema, "lakini hii imezidi."

Tukaingia tuta la kushoto. Kidogo tu, ule ubao wa kupimia maji ukanipita kwenye bega la kushoto, na namba zake zilizofutika. Koo langu likasema "nipo" kabla sijaliruhusu. Nikamwambia, "Kata hapo mbele." Akasema hakuna pa kukata. Akaendelea, na kona ikajitokeza kwenye misonobari, nyembamba, usiyoiona mpaka uifikie. Tangu hapo Mama Posta hakunitania tena, mpaka tulipopata pancha.

Misonobari inayosengenya bado inasengenya. Daraja la mbao bado linalia vilevile, kisha changarawe inakuwa mchanga na tairi linanong'ona. Nilichokosa ni kibanda cha pampu, cha rangi ya kijani. Nilikuwa nakitegemea, na kumbe kimebomolewa. Tukasimama. Nikafumba macho, nikaona shati tena, lakini safari hii nikalisikia. Kola ilikuwa inapepea upande wa kulia. Hapo ndipo alikuwa anasema "shika kofia," maana miti inaachia nafasi na upepo unakuja juu ya maji. Tukaenda polepole mpaka shavu langu la kulia likapoa. "Kata," nikasema. "Wapi?" "Unakotoka upepo."

Na sasa nisikilize vizuri. Baada ya kona hiyo ndipo kile kipande cha katikati, alichosema hakijaiva. Kuna mtaro mpana pale. Siku zote tulishuka, tukasukuma baiskeli kwenye matope kuuzunguka, na mimi nilinung'unika kila mara, sitaki kukuficha. Tulipofika, mtaro una daraja. Mbao nene, mpya kiasi, zimeanza tu kuwa kijivu. Mama Posta akasema labda watu wa misitu wamejenga. Nikashuka nikapiga magoti. Unajua kaka yako alivyokuwa anafunga skrubu nyumbani, hata za bawaba, anazigeuza mpaka mikato yote ya vichwani ielekee upande mmoja, na mimi namwambia nani ataona, naye anasema, "Utaona wewe." Zote zimeelekea upande mmoja, wifi. Toka mbao ya kwanza mpaka ya mwisho.

Alikuwa amemaliza. Njia ilikuwa imeiva. Hakupata tu Jumapili ya kunionyesha.

Tukavuka tumekaa. Sikushuka.

Wakati wa kurudi, karibu na mji, tairi la nyuma likapata pancha ya kweli. Mama Posta akasema Mungu kasikia uongo wangu wa mwezi uliopita.

Mwenyekiti amelia tena na kutoa maelekezo tena. Watapita njia yote, na mimi ndiye nitakayeongoza, kwenye kiti cha mbele, kwenye baiskeli yetu. Ukutani haiendi. Nimejifunza kuishika, inataka mikono migumu lakini inasikia. Tatizo ni kiti cha nyuma. Mwenyekiti anapendekeza kifungwe maua. Nimemwambia kile ni kiti, si meza.

Nakuomba, wifi, uje ukikalie. Najua kifundo chako. Pedali zina mikanda ya kushika mguu, hautatoka, nitaifunga mwenyewe na unajua mikono yangu haifungi kitu kikafunguka. Suruali nimekushonea, nimekisia kiuno kwa kumbukumbu, kama umenenepa kuna nafasi. Huna haja ya kujua njia wala kuona mbele. Kazi yako ni moja tu, kujibu.

Kama huwezi, sitakuuliza tena na sitakupunguzia upendo. Kiti kitaenda kitupu na nitakiuliza hivyohivyo.

Wako,
wifi wa zipu


Chumba cha pasi, tarehe 10 Juni

Wifi yangu,

Nimefika salama, na natumaini na wewe umeamka mzima. Mimi siwezi kukaa. Napiga pasi nimesimama, na nashukuru kwamba kazi yenyewe ni ya kusimama. Mwenzangu mnene ananiuliza nimefanya nini, nikamwambia nimeendesha baiskeli. Akauliza nani kanilazimisha. Nikampa shuka akunje.

Samahani kwa kuja bila kujibu barua. Niliandika "siwezi" mara mbili, nikachana mara mbili. Ya tatu nikaona niilete mwenyewe, na nilipofika mlangoni kwako sikujua ningeandika nini ndani yake. Ulifungua, ukaniangalia miguu, ukasema, "Ingia uijaribu suruali." Nashukuru hukusema kingine.

Sasa nakuandikia kwa sababu kuna jambo sikuweza kulisema Jumapili, watu walikuwa wengi, na Mwenyekiti alikuwa ananijazia sahani. Mwambie lile tairi bovu walilotundika ukutani badala ya baiskeli limependeza. Mwambie pia anyooshe maandishi, yameenda mshazari.

Wifi, mpaka tunapita lango la kwanza nilikuwa nimefumba macho. Hujui hilo. Uliuliza "Upo?" pale matuta yanapogawanyika, nikajibu nimefumba. Nilifumbua nilipousikia ule ubao ukinipita, au labda si kuusikia, nilijua tu upo hapo. Namba zimefutika kweli. Nikatazama pembeni toka hapo mpaka mwisho. Kuna korongo alisimama kwenye maji kwa mguu mmoja, akatuangalia wote tukipita, baiskeli moja baada ya nyingine, hakubadilisha mguu. Nikawaza, kaka alimwona huyu. Halafu nikakumbuka, hapana, kaka alikuwa anaangalia njia. Aliyemwona ni wewe.

Kwenye daraja lake sikuangalia skrubu. Nimekuachia wewe hizo. Mimi nilisikiliza tu matairi yakipita juu, na walio nyuma yetu nao wakipita, mlio uleule mmoja, na hakuna aliyeshuka.

Na wale watu walivyochekesha. Kona ya tatu nadhani, uliponiuliza nami nikajibu, Mama Posta nyuma yetu naye akajibu "Nipo," kisha fundi bomba wako, kisha wote, mpaka mkiani, kama darasa linaloitwa majina. Mpaka leo nikikunja shuka naisikia.

Lakini kona ya mwisho, ile ya kutoka msituni kurudi barabarani, hukuuliza. Kila mtu alidhani umesahau kwa uchovu. Mimi nilikuwa naona mgongo wako. Ulikuwa umekaa wima sana, mabega yamepanda, na mikono imekaza usukani. Baada ya pale ni lami na nyumba, njia yake inakuwa imekwisha. Nilijua kona imefika, changarawe ilikuwa imebadilisha sauti. Nikangoja uulize. Baiskeli ikaanza kupunguza mwendo, ikawa karibu isimame.

Ndipo nikasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwa hii sauti yangu usiyoweza kuisikia kwenye simu.

"Nipo."

Nawe ukakata kona.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nimeomba zamu ibadilishwe. Suruali ninayo.

Wifi yako,
wa kiti cha nyuma